"Mimi" ya Mkalimani

Watu wa Mayoni watawaambia kwamba Jumapili ile kipaza sauti kilikuwa na kasoro, ndiyo maana mambo yakavurugika. Uongo mtupu! Kipaza sauti kilikuwa kizima, jenereta ilikuwa inanguruma vizuri nyuma ya jiko la kanisa, na sauti yangu ilifika mpaka barabarani. Walioharibu mambo ni watu, na wa kwanza wao ni mimi. Kwa hivyo nitaeleza mwenyewe, na nikieleza msinikatize.

Naitwa Nafula. Hapa wananiita Mwalimu kwa sababu nilifundisha shule ya msingi miaka ishirini na nane, na nilipostaafu kanisa likanipa kazi ya ukalimani. Mhubiri akija kutoka mbali na Kiingereza chake, nasimama kando yake, yeye anasema, mimi nasema. Kazi yenyewe ina sheria moja ambayo hata watoto wa darasa la Jumapili wanaijua: mhubiri akisema "mimi", nawe unasema "mimi". Husemi "anasema kwamba yeye". Hiyo waachie polisi wanaoandika taarifa. Pale mbele nimewahi kuwa mlevi aliyeokoka, nimewahi kuwa askari jela, nimewahi hata kuwa mwanamume wa wake watatu, na hakuna aliyenicheka. Walijua anayesema si Nafula, ni mhubiri.

Sasa sikieni shida yangu. Wiki tatu kabla ya Jumapili hiyo, miwa ya Were iliungua. Were ni jirani yangu. Shamba lake limekaa katikati, upande mmoja mimi, upande wa pili Osiako. Ekari mbili nzima, miwa iliyokuwa imekomaa ikingoja kukatwa tu. Na Osiako alikuwa amegombana na Were sokoni mwezi uliotangulia juu ya mpaka, mbele ya watu, akamwambia kwa hasira, "Tutaona kama hiyo miwa yako itafika kiwandani!" Mdomo huo! Kwa hivyo moto ulipowaka hakuna aliyeuliza swali la pili. Osiako alikana, akaapa, akalia, hakuna aliyemsikiliza. Wazee wakakaa, wakaamua ahame, arudi Chekalini kwa ndugu za mama yake. Siku ya kuondoka angetangaziwa Jumapili hiyo hiyo, baada ya ibada.

Osiako hakuwasha moto. Niliwasha mimi.

Ilikuwa Jumatano asubuhi. Nilikuwa nachoma majani makavu kwenye mpaka wangu na Were, kazi ambayo kila mtu hapa anafanyanga. Nikaona moto umelala, nikaingia nyumbani kunywa chai. Chai tu, jameni! Kikombe kimoja na kiazi kitamu. Nikasikia mlio wa kupasuka-pasuka, nikatoka mbio, na moto ulikuwa umeshavuka. Nilipiga kelele pamoja na wengine, nikavunja matawi nikaupiga pamoja na wengine. Kisha mtu mmoja akasema, "Huyu ni Osiako!" nami nikanyamaza. Nikajiambia nitasema jioni. Jioni nikajiambia kesho asubuhi. Mnajua kesho ilivyo.

Na mke wa Osiako, Awinja, ndiye rafiki yangu. Mume wangu alipokufa, Awinja alilala kwangu mwezi mzima, akinipikia obusuma, ugali wetu, na kunisimamia mpaka nile. Katika zile wiki tatu alikuja kwangu mara nne kulia. Kwangu mimi! Nikamchinjia ingokho, kuku wa heshima, nikampangusa machozi, nikamwambia Mungu atafanya njia. Akirudi kwake, nilifunga mlango nikajitukana kwa lugha zote tatu ninazozijua. Lakini sikusema.

Basi ndiyo Jumapili ikafika, na mgeni akafika. Alikuwa mtu wa Ghana, mwalimu wa Kiingereza aliyekuja kufundisha mwaka mmoja chuo kikuu huko Kakamega mjini, tena mhubiri. Jina lake lilitushinda, tukamwita Profesa. Mzee Titus, kiongozi wa wazee wa kanisa, ndiye aliyemleta. Hata haikuwa mara yake ya kwanza: wiki ile ile ya moto alikuwa amekuja kututembelea, akazunguka kwenye miwa na simu yake akipiga picha na kuuliza kila kitu kinaitwaje. Kwa Kiswahili alijua "asante" na "pole pole", na alikuwa akiyatumia yote mawili pamoja.

Tukiwa bado nje, Profesa akanivuta kando. "Mzee Titus ameniambia kuna uadui hapa," akaniambia kwa Kiingereza. "Ameniomba nihubiri amani. Nimeamua kuhubiri juu ya maneno ya Kiingereza yanayoanza kwa kukataa. Maana zake na asili zake."

"Ya nini?" nikamuuliza, maana nilidhani sijasikia vizuri.

"Utaona," akasema, akacheka. Mtu mwema sana, lakini haki ya Mungu, mtu wa vitabu anaweza kukuua.

Kanisa lilijaa. Upande wa wanawake, safu ya pili, alikaa Awinja na leso yake ya kichwa ya kijani. Osiako alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, peke yake, kwa sababu benchi lake lote watu walikuwa wamelihama. Were alikaa mbele na wazee, miguu ameinyoosha.

Profesa akaanza. "Kiingereza kina maneno yanayobeba kukataa kichwani," akasema, nami nikasema. "Ukikata kichwa, unaona mwili wake, na unashangaa." Watu wakatazamana. Hapo tu nikajua siku itakuwa ndefu.

"Chukueni neno 'enemy'," akaendelea. "Adui. Limetoka kwa Warumi wa zamani, kwenye Kilatini. Kichwa chake kinasema 'si'. Mwili wake unasema 'rafiki'. Kwa hivyo adui ni rafiki aliyewekewa 'si' mbele."

Ebu niambieni, hiyo utaitafsiri vipi? Adui wetu wa Kiswahili hana kichwa cha kukatwa. Alitufikia mzima mzima kutoka Uarabuni. Nikasema hivyo hivyo nilivyosikia, rafiki na "si" yake, na mama mmoja mzee wa safu ya mbele akainua mkono kama yuko darasani.

"Mwalimu, ebu muulize," akasema. "Mimi watu wa Chekalini siwajui. Si marafiki zangu. Kwa hivyo ni maadui?"

Kanisa likacheka. Nikampelekea Profesa swali, naye akafurahi kupita kiasi. Akajibu dakika tano, akaeleza kwamba kuna "si" ya kukosa na "si" ya kupinga, na hizo mbili si ndugu. Mkia wa maneno yake ukanipotea kabisa. Watu walikuwa wananingoja. Nikasema, "Mama, watu wa Chekalini wasalimie tu." Mama akaridhika. Mkalimani akipotea njia hujitengenezea yake, na asiyekubali hilo ajaribu kusimama pale mbele siku moja.

Profesa akaja kwa "immune". Akasema leo tunadhani ni mambo ya chanjo na magonjwa, lakini zamani huko Roma lilikuwa la mtu aliyesamehewa kazi za umma. Kichwa "si", mwili "wajibu". Hiyo niliipata vizuri. Nikawaambia, "Ni yule mtu ambaye siku ya kufyeka kiwanja cha kanisa haonekanangi." Watu wote wakageuka kumtazama Mzee Titus. Titus akafungua Biblia akatafuta kitu ambacho hakikuwepo. Profesa akadhani ni mahubiri yanachoma, akanipiga bega kwa furaha.

Mpaka hapo nilikuwa nacheka pia. Kisha akasema "infant".

"Mtoto mchanga," akasema. "Kichwa kinasema 'si', mwili unasema 'kusema'. Asiyesema. Kwa hao wa zamani, mtoto alikuwa ni yule ambaye ana mdomo lakini bado hasemi."

Nikayasema maneno hayo kwa Kiswahili. Nina miaka sitini na moja. Nimefundisha watu hapa kusoma, kuandika, kusema, wengine wao sasa wana wajukuu. Nami nilikuwa na mdomo wangu wiki tatu nikiutumia kunywea uji tu. Nilimwangalia Awinja, naye akanitikisia kichwa kwa upole, akidhani nimechoka kusimama.

"Na sasa," Profesa akasema, "nawapa la mwisho. 'Innocent'. Mtu asiye na hatia. Mnadhani ni malaika? Hapana. Kichwa kinasema 'si', mwili unasema 'kudhuru'. Asiyedhuru, basi, hakuna kingine." Akatembea hatua mbili, nami nikatembea hatua mbili. "Ni nani hapa anaweza kuinua mkono aseme, mimi sijamdhuru jirani yangu?"

Nikaliuliza kanisa swali hilo. Watu wakaangalia chini, maana hayo ndiyo maswali ambayo mtu mwenye akili hayajibu kanisani. Lakini kule nyuma, karibu na mlango, Osiako akainua mkono.

Woi! Mngelisikia kanisa likisonya! Mtu akasema, "Hana haya!" Mwingine akasema, "Mbele za Mungu!" Were aligeuka nusu, akatikisa kichwa. Osiako hakuushusha. Akaushika kwa mkono wa pili, ukaendelea kukaa juu. Na safu ya pili, polepole, Awinja akainua wake. Wawili tu, katika kanisa zima. Nilitaka nianguke pale pale nife, nisione tena.

Profesa hakujua chochote kuhusu Osiako wala moto wa miwa. Aliona mikono miwili, akatabasamu, akaendelea. "Hawa wawili Mungu awabariki," akasema. "Mimi siwezi kuinua wangu."

"Mimi siwezi kuinua wangu," nikasema.

"Kuna mtu aliyeadhibiwa kwa kosa langu," akasema, na sauti yake ikashuka. "Na mimi nilikuwepo, nikaona, nikanyamaza."

"Kuna mtu aliyeadhibiwa kwa kosa langu," nikasema. "Na mimi nilikuwepo, nikaona, nikanyamaza."

Akaanza kusimulia. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, alivunja chungu cha maji cha nyanya yake, na binamu yake akachapwa kwa ajili hiyo. Nilimsikia vizuri kabisa, neno kwa neno, chungu, nyanya, binamu, fimbo. Lakini nilipofungua mdomo, chungu hakikutoka. Sikupanga. Nikiapishwa leo nitasema hivyo hivyo, sikupanga. Nilisema, "Mimi ndiye niliyewasha moto. Jumatano ile asubuhi nilichoma majani makavu kwenye mpaka, nikayaacha, upepo ukaja. Miwa ya Were iliungua kwa mkono wangu. Osiako hakufanya kitu."

Ni jenereta tu iliyosikika.

Nikafunga macho nikangoja. Nilidhani watanivuta nywele, watanirukia, watanizomea. Nikangoja, nikangoja. Nilipofungua macho, hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa akinitazama mimi. Wote, kanisa zima, walikuwa wanamtazama Profesa.

"Kumbe ni mgeni!" mama mmoja akasema.

"Si alikuwa hapa wiki ile ile?" mwingine akajibu. "Si alikuwa anazunguka kwenye miwa na simu?"

"Wageni hawajui moto wa miwa. Atakuwa alijaribu kuchoma kama anavyoona watu wakichoma."

"Na amekuja mwenyewe kusema! Huyo ni mtu wa Mungu kweli kweli!"

Basi wakaipanga hadithi yote bila msaada wangu. Kabla sijavuta pumzi, Were alikuwa amesimama. Akapanda jukwaani, mtu mzima yule na tumbo lake, machozi yakimtiririka, akamkumbatia Profesa. "Nimekusamehe!" akasema. "Umevuka nchi ngapi mpaka hapa, na hukuona haya kusema ukweli! Miwa itaota tena, nimekusamehe!"

Profesa akamkumbatia naye. "Asante, pole pole," akasema.

Were akageuka, akamwita Osiako kwa sauti. Osiako akaja kutoka nyuma akijikwaa kwenye miguu ya watu, na Were akamshika mikono yote miwili, akamwomba msamaha mbele ya kanisa. Titus akapanda, akasema mambo ya kuhama yamekwisha, yafutwe, na kwaya ianze. Awinja alikuwa analia huku anacheka, leso imemwanguka. Wanawake walikuwa wanampigia vigelegele.

Na mimi nilisimama pale na kipaza sauti mkononi, nimechanganyikiwa kama mtu aliyeamshwa ghafla. Nilichoomba wiki tatu kimefanyika chote. Osiako hana hatia tena. Hakuna anayehama. Were hana kinyongo. Mgeni mwenyewe anarudi kwao mwisho wa mwaka, hajui kitu, hajaumia kitu, tena wanampenda zaidi. Na mimi nimeshasema ukweli! Nimeusema kwa mdomo wangu, kwa kipaza sauti! Kama hawakunielewa, hiyo ni kosa langu? Nawaambieni ukweli, nilianza kuona raha. Ilikuwa raha ya aibu, lakini ilikuwa raha.

Profesa akaniinamia. "Mbona huyu bwana analia?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Amekusamehe," nikamwambia.

"Kwa sababu ya chungu?"

"Ndiyo," nikasema. "Kwa sababu ya chungu."

Uso wake ukabadilika. Akamtazama Were, akanitazama mimi. Akasema, "Mwambie asante. Mwambie binamu yangu alikufa kabla sijamwambia. Nimehubiri miaka ishirini na nane, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia nimesamehewa kwa ajili ya kile chungu. Mwambie hivyo."

Mungu wangu! Miaka ishirini na nane. Nami ndiye nimempa msamaha usio wake, na yule mzee wa watu ameupokea kwa mikono miwili. Niliona nimemwibia Were, nimemwibia Profesa, nimemwibia hata yule binamu aliyekufa. Nikainua kipaza sauti.

"Ni mimi," nikasema. "Jameni, moto ulikuwa wangu. Ni mimi."

"Amina!" kanisa likajibu. "Tumesikia! Bwana asifiwe!"

"Sitafsiri!" nikapiga kelele. "Ni mimi! Mimi Nafula!"

Mzee Titus akanishika kiwiko. "Mwalimu, tulia," akasema kwa upole. "Mwambie mgeni asiogope. Hatutampeleka popote. Hakuna haja wewe ujitwishe makosa yake."

"Titus, niache! Mgeni anaongea habari za chungu!"

"Chungu gani tena?" Titus akauliza.

"Cha nyanya yake!"

Titus akawageukia watu. "Mwalimu amechoka," akawatangazia. "Jua kali, na amesimama tangu asubuhi. Mleteeni maji."

Wakaniletea maji! Nimesimama pale nakiri kosa langu, na mtu ananipa kikombe cha maji na kunipangusa jasho. Kadiri nilivyosema "mimi", ndivyo walivyomhurumia mgeni. Nikaona pale juu sina mdomo wangu. Nikaweka kipaza sauti kwenye meza, nikashuka ngazi, nikatembea hadi upande wa wanawake, nikasimama safu ya pili, pale ninapokaanga siku ambazo hakuna mgeni. Kisha nikasema kwa Kiluhya chetu, bila kipaza sauti, kwa sauti ile ninayotumia kumwita Were ng'ambo ya mpaka.

"Were, unanijua," nikasema. "Jumatano ile nilichoma majani yangu, nikaingia ndani kunywa chai. Moto ukavuka kuja kwako. Nilijua siku ile ile, nikaacha mzigo umwangukie Osiako. Mgeni alikuwa anasimulia habari za utoto wake. Yale ya moto ni yangu."

Sasa walinielewa. Nilijua kwa sababu mama aliyekuwa ameniletea maji alirudi nyuma hatua moja. Profesa, kule jukwaani, alikuwa anaangalia huku na huku akiuliza kwa Kiingereza, "Kuna nini? Tafadhali, mtu aniambie, kuna nini?" Hakuna aliyemjibu. Mkono wa Were ulikuwa bado uko begani kwake.

Were akautazama ule mkono wake, akauondoa. "Lakini nimeshasamehe," akasema, kama mtu anayejiuliza mwenyewe. "Nimesamehe mbele ya watu. Sasa nimemsamehe nani?"

"Ni moto ule ule," Titus akasema. "Ukishausamehe umeusamehe."

"Hapana," Were akasema. "Nilimsamehe huyu. Huyu simjui. Mwalimu namjua. Alikuja kwangu siku ya pili kunipa pole, akakaa kwenye kiti changu." Akashuka, akapita karibu nami bila kunitazama, akatoka nje. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe singejua nianzie wapi.

Awinja alikuwa amesimama pembeni yangu, karibu kiasi cha kugusana. Nilingoja anichape kofi. Hakunichapa.

"Dada," akaniita, kama alivyoniita siku zote. "Huyu mgeni asingekuja leo, ungetuacha tuhame?"

Kanisa zima lilikuwa linasikiliza. Nilitaka kusema hapana. Hapana, Awinja, ningesema baada ya ibada, ningesema mlangoni, ningelikimbilia gari la kuwahamisha kabla halijaondoka. Nilifungua mdomo, nikalitafuta hilo neno dogo, nikaona nikilisema nitakuwa nimemdanganya mara ya tano.

"Sijui," nikamwambia.

Akainamisha kichwa, akaokota leso yake chini, akaikung'uta. Kisha akamfuata mumewe, aliyekuwa ameshatoka nje.

Wazee walikwenda kwa Osiako siku iliyofuata, Titus akiwatangulia, wakamwomba radhi. Walimpelekea sukari na unga, wakamwambia ule uamuzi wa kuhama haupo tena, na ardhi ni yake, na atakayemsema vibaya atajibu. Osiako aliwakaribisha chai, akawasikiliza mpaka mwisho, akashukuru. Alhamisi nikasikia wameita pikapu.

Nilikimbia, na kukimbia kwangu mnakujua. Nikawakuta wanapakia. Osiako alikuwa anafunga kamba kwenye kabati, hakugeuka. Awinja alikuwa anatoa godoro mlangoni.

"Mnakwenda wapi?" nikauliza, swali la kijinga. "Hakuna mtu amewafukuza! Mimi ndiye nifukuzwe! Awinja, nitahama mimi, nitakwenda kwa dada yangu, wewe baki kwako!"

"Si wewe, dada," akasema. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. "Wewe una lako na Were, na Mungu anajua mtalimaliza vipi. Ni hawa. Mgeni alisema mara moja tu, tena si yeye aliyesema, wakamwamini, wakamkumbatia. Mume wangu aliwaambia wiki tatu. Nitaishije nao?"

Nikashika upande wa pili wa godoro nimsaidie kulipandisha. Akasimama, akanitazama, akaendelea kunitazama mpaka nikaliachilia, kisha akaliburuta peke yake hadi kwenye pikapu.